Kinachokutosha ni Kiasi Gani? Historia ya Watu Waliojinunulia Wakati Wao



Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi wa Ramadhan ukiingia kuna kitendawili kinachotokea majumbani mwetu. Milo inapungua, lakini gharama za jikoni zinapanda. Mwezi wa kufunga ndio huo huo unga, mafuta, sukari na tambi zinapomalizika haraka kuliko miezi mingine yote. Likiingia kumi la mwisho, mambo yanageuka kuwa nguo za Idi, viatu vya watoto, mapazia mapya na makochi ya kubadilishwa vitambaa. Sikukuu ikipita, baba wa nyumba ana deni dukani na kijana wake ana deni kwenye simu.

Ukiuliza tatizo ni nini, wengi watakwambia pesa ni kidogo. Kweli, pesa ni kidogo. Lakini kuna swali ambalo hutangulia hilo, nalo ni hili: kinachonitosha mimi ni kiasi gani? Wachache sana kati yetu wanaweza kulijibu kwa tarakimu. Mshahara ukiwa elfu ishirini zinaisha, ukipanda hadi elfu hamsini zinaisha vile vile, na hakuna anayejua zimeenda wapi.

Wapo watu katika historia waliolikalia swali hili wakalijibu, na jibu lao likageuza maisha yao yote. Wengine waliacha kazi kubwa kubwa wakiwa bado vijana, wakaishi kwa kidogo walichojiwekea, wakautumia wakati wao kwa walichokiona ni muhimu zaidi. Huko Marekani jambo hili limekuwa harakati nzima, watu wakihesabu ni mwaka gani watastaafu wakiwa na miaka 40 au hata 30. Lakini fikra yenyewe si ya juzi wala si ya Wamarekani peke yao. Katika makala hii tutamtazama mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 11, kisha Wamarekani walioandika hesabu zake, kisha wakulima wa Malaysia, halafu turudi hapa kwetu Kenya. Utaona kuwa faida kubwa waliyoipata watu hawa haikuwa kupumzika. Ilikuwa ni uwezo wa kusema hapana.

MWALIMU ALIYEKIACHA CHEO BAGHDAD

Jina la Imam Abu Hamid Al-Ghazali si geni kwa yeyote aliyekaa kwenye jamvi la madrasa. Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, sehemu za Khurasan, ambao leo uko Iran. Wasimulizi wa maisha yake wanasema baba yake alikuwa mtu wa kipato kidogo, na alipofariki aliwaacha wanawe wawili, Abu Hamid na Ahmad, mikononi mwa rafiki yake. Pesa za urithi zilipokwisha, vijana wale walishauriwa waingie madrasa, maanake huko mwanafunzi alikuwa akipewa chakula. Kwa hiyo Imam huyu aliijua njaa kabla hajaijua fahari.

Na fahari aliipata kweli kweli. Mwaka 1091 waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, Nizam al-Mulk, alimteua kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Alikuwa na miaka kama 33 hivi. Hicho kilikuwa miongoni mwa vyeo vikubwa kabisa vya elimu katika ulimwengu wa Kiislamu wa wakati huo. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa alikuwa akisomesha wanafunzi 300. Mshahara ulikuwepo, heshima ilikuwepo, na milango ya watawala ilikuwa wazi.

Mwaka 1095 mambo yakabadilika. Alijichunguza nia yake katika ile kazi ya kusomesha, akaona kinachomsukuma ni cheo na sifa. Kwa muda wa karibu miezi sita alivutana na nafsi yake, leo anaamua kuondoka, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi wake ukafungika, akawa anasimama mbele ya wanafunzi na neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti kooni, na matabibu wakakata tamaa naye wakisema maradhi haya yameanzia moyoni.

Akaondoka. Aliwaambia watu anakwenda Makka, kumbe nia yake ilikuwa Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Hapa ndipo pa kuzingatia, ndugu msomaji, maanake wengi hudhani aliitupa dunia yote na familia yake ndani yake. Sivyo. Katika maelezo yake mwenyewe anasema aligawa mali aliyokuwa nayo, akabakisha kadiri ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake tu. Anaeleza pia kuwa mali ya Iraq ilikuwa imewekwa wakfu kwa maslahi ya Waislamu, na haoni mali bora kuliko hiyo ambayo mwanachuoni angeweza kuwachukulia familia yake. Kwa maneno ya leo, alipiga bajeti kabla ya kustaafu. Ndugu yake Ahmad akashika nafasi yake ya kusomesha.

Alikuwa na miaka 37 hivi. Alikaa Damascus, akaenda Baitul Maqdis, akahiji. Katika mji wa Al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), aliweka ahadi: asiende tena kwa sultani yeyote, asichukue pesa ya sultani, na asiingie tena kwenye mijadala ya kushindana. Jiulize, mtu asiyejua kinachomtosha angewezaje kuweka ahadi kama hiyo? Anayetegemea mkono wa mfalme kila mwezi hana ubavu wa kumwambia mfalme hapana.

Na katika miaka hiyo hakulala. Ndiyo miaka iliyotupa Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho mpaka leo kinasomeshwa kutoka Morocco hadi Lamu hadi Indonesia. Mwaka 1106, baada ya miaka 11, aliitwa tena na watawala kusomesha Nishapur, akakubali baada ya kusitasita sana. Kisha akarudi Tus, ambako alisomesha karibu na nyumba yake, na akafariki mwaka 1111.

WAMAREKANI NA DAFTARI

Sasa turuke miaka mingi, kwa sababu hesabu ya jambo hili iliandikwa kwa tarakimu mahali pengine kabisa.

Tarehe 4 Julai 1845, kijana mmoja wa Massachusetts kwa jina Henry David Thoreau alihamia kwenye kibanda alichojijengea mwenyewe msituni, kando ya ziwa dogo la Walden. Alikaa miaka miwili na miezi miwili. Jambo lililonivutia kwake si msitu, ni daftari. Aliandika kila senti: kile kibanda kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Baada ya hesabu zake akasema kuwa akifanya kazi kama wiki sita kwa mwaka anaweza kujilipia mahitaji yake yote, na wiki zilizobaki ni zake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1854, na kimebaki kuwa kama chemchemi ya fikra hizi kwa Wamarekani.

Lakini mtu aliyeifanya fikra hii kuwa somo la kufundishika ni Joe Dominguez. Alizaliwa mwaka 1938 akakulia Harlem, New York, katika hali ya umaskini. Baadaye alipata kazi ya uchambuzi wa mambo ya fedha Wall Street, mtaa wa biashara ya hisa. Huko aliona jambo lililomshangaza: waliokuwa wakilipwa vizuri zaidi hawakuonekana kuwa na raha zaidi. Akaanza kuishi kwa kiasi na kuweka. Mwaka 1969, akiwa na miaka 31, aliacha kazi na hakuajiriwa tena mpaka alipokufa mwaka 1997.

Aliishi kwa dola elfu chache tu kwa mwaka. Pamoja na mwenzake Vicki Robin walianza kufundisha semina, na miaka ya 1980 semina ile ikageuzwa kuwa kozi ya kanda za kaseti. Mwaka 1992 wakatoa kitabu, Your Money or Your Life, kikauzwa sana. Pesa za kitabu hawakuzila. Walizielekeza kwenye kazi za hisani, kwa sababu wao tayari walijua kinachowatosha.

Somo lao kubwa ni hili: pesa ni saa za umri wako ulizozibadilisha. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu jiulize kimekula saa ngapi za maisha yako. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kijana analipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, siku 26, saa 9 kwa siku. Ukigawanya, analipwa kama shilingi 128 kwa saa. Lakini ngoja. Nauli ya matatu kwenda na kurudi 200, chakula cha mchana kazini 150, na kwa mwezi mzima 1,500 za nguo za kazi na bando za kupigia simu za kazi. Jumla ni 10,600 alizozitumia kwa sababu ya kazi yenyewe. Zimebaki 19,400. Na saa pia si 9, maanake saa mbili kila siku zimeishia kwenye foleni ya barabarani. Ukigawanya upya, mshahara wake wa kweli ni kama shilingi 68 kwa saa, karibu nusu ya alichodhani. Simu ya shilingi 17,000 kwake yeye ni saa 250. Hizo ni karibu siku 23 za kazi, kuanzia alfajiri anapotoka nyumbani. Sasa aamue mwenyewe kama simu hiyo inastahiki. Pengine inastahiki! Lakini anaamua akiwa macho wazi.

Somo la pili ni la kuandika kila shilingi inayoingia na inayotoka, kila mwezi, bila kujilaumu na bila kujidanganya. Somo la tatu ni la kuangalia lini mapato ya kile ulichokiwekeza yatafikia matumizi yako ya mwezi. Siku mistari miwili hiyo ikikutana kwenye karatasi, kazi ya mshahara inakuwa hiari.

HESABU INAYOTISHA NA KUTULIZA

Katika miaka ya 1990 wataalamu wakaongeza hesabu zao. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alipitia takwimu za masoko ya Marekani tangu 1926, akaona kuwa mstaafu akitoa kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, na kuongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, akiba hiyo ilikuwa ikidumu miaka 30 au zaidi. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Trinity University huko Texas wakatoa utafiti wenye mwelekeo kama huo. Kutokana na hapo watu wakapata kanuni ya mara 25: ukiwa na akiba ya matumizi yako ya mwaka mara 25, unaweza kuacha kazi.

Walioifuata kanuni hii wako wengi. Jacob Lund Fisker, mwanafizikia kutoka Denmark aliyekuwa akiishi Marekani, aliishi kwa kama dola 7,000 kwa mwaka na akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2010. Pete Adeney, mzaliwa wa Canada aliyekuwa mhandisi wa programu za kompyuta huko Colorado, aliacha kazi mwaka 2005 akiwa na miaka 30, na tangu 2011 maandishi yake yamewavuta vijana wengi.

Kanuni ya mara 25 inategemea masoko ya Marekani, na sisi tusiichukue kama ilivyo. Lakini chini yake kuna hesabu nyingine rahisi isiyohitaji soko lolote, na hii ndiyo ninayotaka ukae nayo. Mtu anayepata 30,000 na kutumia 27,000 anabakisha 3,000. Itambidi afanye kazi miezi 9 ili apate akiba ya kuishi mwezi mmoja bila kazi. Akipunguza matumizi hadi 20,000, anabakisha 10,000, na miezi miwili inampa mwezi mmoja. Akiweza kuishi kwa 15,000, kila mwezi wa kazi unamnunulia mwezi mwingine. Umeona? Kupunguza matumizi kunafanya kazi mara mbili. Kunaongeza unachoweka, na wakati huo huo kunapunguza unachohitaji. Nyongeza ya mshahara inaongeza unachoweka tu, na mara nyingi hata hicho haikiongezi, kwa sababu na sisi tunaongeza matumizi siku hiyo hiyo.

NJIA ILIKUWA NA MWIBA

Hapa kijana wa Kiislamu lazima asimame kidogo. Dominguez aliishi kwa nini baada ya kuacha kazi? Aliishi kwa bondi za serikali ya Marekani. Aliikopesha serikali akalipwa riba, na ile riba ndiyo iliyokuwa nauli yake, chakula chake na kodi yake. Hukumu ya riba tunaijua na hatuna haja ya kuirudia. Toleo la mwaka 2018 la kitabu chao lilikwenda zaidi kwenye mifuko ya hisa, ambayo ndani yake kuna makampuni ya kila aina, ya halali, ya ulevi na ya mabenki ya riba.

Basi je, tuseme fikra yote hii si yetu? Ingekuwa ajabu, kwa sababu kuweka akiba ni jambo la kale katika dini. Nabii Yusuf (A.S.) aliiokoa Misri kwa mpango wa kuweka nafaka katika miaka saba ya neema. Na imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Mbora wa wenye zuhdi, na bado aliwawekea watu wake akiba ya mwaka! Kilichokuwa kimepungua katika zama zetu ni mahali pa kuiweka na namna ya kuizalisha bila riba. Na jambo hili lilijibiwa na watu maskini kabisa huko Asia.

WAKULIMA WA MALAYA NA SAFARI YA HIJA

Katika Malaya ya miaka ya 1950, wakulima wa vijijini walikuwa wakijibana miaka na miaka kwa lengo moja, kwenda Hija. Benki waliziogopa kwa ajili ya riba. Kwa hiyo pesa zilifichwa chini ya mto, kwenye mianzi, au zilifukiwa ardhini. Wengine walipofika uzeeni waliuza shamba na nyati wa kulimia, wakaenda Makka, wakarudi wakiwa mahujaji wasio na kitu. Watu hawa hawakukosa nidhamu ya kuweka, walikosa mahali.

Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz aliandika waraka akiishauri serikali ianzishe chombo cha akiba ya Hija kisichokuwa na riba. Pesa za wadogo zikusanywe pamoja, ziwekezwe katika biashara za halali, na faida igawanywe kwa wenye akiba. Chombo hicho kilianza kupokea akiba mwaka 1963 kikiwa na watu 1,281 na jumla ya dola za Malaya 46,600 tu. Mwaka 1969 kikaunganishwa na ofisi ya mambo ya Hija, na leo kinajulikana kama Tabung Haji. Kina waweka akiba zaidi ya milioni 9, na kimewekeza katika mashamba ya michikichi, majengo na makampuni. Hata zaka ya akiba kinawatolea wenyewe.

Si kwamba hakikuwahi kuyumba. Mwaka 2018 ilionekana mali zake hazifikii thamani ya amana za watu, na serikali ya Malaysia ikalazimika kuchukua mali za ringgit bilioni 19.9 ili kukinusuru. Hilo ni funzo pia, kwamba neno halali kwenye ubao wa mlangoni halitoshi, lazima pawe na uangalizi wa wanaoshika pesa za watu. Lakini tazama kilichobadilika kwa yule mkulima. Babu yake ilibidi achague kati ya Hija na shamba. Yeye anaweza kwenda Hija na akarudi shambani kwake, na dalali akija kununua ardhi kwa bei ya kutupa, anaweza kumwambia hapana.

NA SISI HAPA KENYA?

Vijana wenzangu, turudi kwetu. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa serikali Kenya anastaafu akiwa na miaka 60, kutoka 55 ya zamani. Lakini vijana wengi wetu hatutapata kazi yenye pensheni. Tutakuwa kwenye jua kali, duka la jamaa, kibarua cha bandarini, bodaboda, au kazi za mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kwetu sisi kustaafu hakutaletwa na barua ya mwajiri, kutaletwa na kile tulichokiweka.

Kuna pingamizi tatu ambazo ni za haki, na tusizikwepe.

Ya kwanza, mtu anayepata shilingi 400 kwa siku ana watoto wanne, atabana nini? Ni kweli. Historia hii isigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapia maskini. Thoreau, Dominguez na Fisker walichagua kidogo wakati wangeweza kupata kingi. Asiye na chaguo haitaji mawaidha ya kubana matumizi, anahitaji haki yake, zaka, na kazi yenye malipo ya maana. Maneno haya ni kwa mwenye kupata kinachobakia, hata kama ni kidogo, kisha kikapotea bila kujulikana njia.

Ya pili, hesabu za Wamarekani ni za mtu na mkewe, pengine na mtoto mmoja. Kwetu mmoja akipata kazi anakula yeye, mama, wadogo zake wa shule, na shangazi mgonjwa kule kijijini. Hii pia ni kweli, lakini jibu lake si kuacha kuhesabu. Jibu ni kuwaingiza kwenye hesabu. Daftari la kijana wa Mombasa au Garissa liwe na mstari wa wazazi na mstari wa jamaa, tena mistari ya juu kabisa. Aliyekwishaweka fungu la mama yake kila mwezi hababaiki mama akipiga simu. Asiyeweka ndiye anayezima simu.

Ya tatu, je, huku si kuwa bahili? Mpaka umeshawekwa. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kwa kutoa bila ya kufuja na bila ya ubahili, wakawa katikati. Bahili anaipenda pesa yenyewe. Mwenye kukinai anaujua mwisho wa haja yake, na kinachozidi hapo ni chepesi kwake kukitoa. Ndivyo alivyofanya Ghazali siku ya kutoka Baghdad, na ndivyo Dominguez alivyofanya na pesa za kitabu chake. Na kwetu, akiba ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka wa Hijria, asilimia 2.5 ni ya wenye haki yao. Kwa hiyo hata aliyejifungia na akiba yake amefungiwa pamoja na maskini wake.

Mahali pa kuiweka pia papo siku hizi. Mwaka 2008 benki mbili za kwanza zinazofuata sharia kikamilifu zilifungua milango yao Kenya. Ziko sacco zinazojitahidi kufuata sharia, na viko vyama vya mtaani vya watu kumi kumi wanaoaminiana, wakinunua kiwanja au kufungua duka kwa ushirika. Ulizeni wanavyuoni na ulizeni pia hesabu za mwaka, yote mawili. Lakini msiiache pesa ikae tu. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) nasaha ya kuifanyia biashara mali ya yatima, isije ikamalizwa na zaka. Na yule anayeikimbiza pesa yake kwenye kubeti akitarajia utajiri wa usiku mmoja, huyo ameuza saa za umri wake kwa bei ya chini kuliko zote tulizozitaja.

RAMADHAN NI MWEZI WA DAFTARI

Hakuna mwezi mzuri wa kulianza jambo hili kama huu. Kwa siku 29 au 30 mwili unatuonyesha wenyewe kuwa tunaweza kuishi kwa kidogo kuliko tulivyodhani. Tatizo ni kwamba tunajifunza mchana, halafu usiku tunajisahaulisha.

Nunua daftari la shilingi 30. Andika kila kinachotoka, cha futari, cha daku, cha nauli, cha bando, cha sadaka. Usimkataze mtu kula wala usigombane na mama kwa ajili ya sambusa. Andika tu. Idi ikifika, kaeni familia, mfungue daftari pamoja, muulizane kipi kilituletea kheri na kipi hatukikumbuki hata kukila. Hapo mtapata tarakimu ya kwanza ya lile swali tuliloanza nalo. Mwezi wa Shawwal endeleeni, na wa Dhulqaad pia. Akiba haiozi, walisema wazee wetu.

Sitakuahidi kuwa utastaafu ukiwa na miaka 31 kama Dominguez. Wengi wetu hatutastaafu mapema, na si lazima. Lakini hata akiba ya miezi mitatu inambadilisha mtu. Bosi akikwambia uandike risiti ya uongo, unaweza kukataa na watoto wakala. Ukiitiwa kazi ya kuuza kitu cha haramu, unaweza kusema asante, hapana. Mzazi akiugua, unaweza kuomba ruhusa ukamkalia kitandani bila kuogopa mwisho wa mwezi. Na ukitaka kumi moja la Ramadhan ukae itikafu msikitini, unaweza. Uhuru wa namna hii ndio Imam Ghazali alioutafuta alipotoka Baghdad, na hakuungojea mpaka ndevu ziwe nyeupe.

Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali yake, atubarikie katika kidogo chetu, na azitakabali funga zetu na sadaka zetu. Amin.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.